Uzito wa Picha ya Mkurugenzi

(Ukumbi wa mikutano wa Halmashauri. Feni moja inazunguka, nyingine inafikiria. Jukwaani kitambaa cha buluu kimefunika kitu chenye pembe nne. Mkurugenzi wa Habari, Mawasiliano na Mwonekano wa Umma anakipigapiga kipaza sauti, anakohoa kikohozi cha mamlaka, anaanza.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru, na wewe mheshimiwa uliyetumwa kuuleta huo udhuru. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Kuu, wa Kamati Ndogo, na wa Kamati ya Kuziunganisha Kamati Kuu na Kamati Ndogo. Ndugu Wakuu wa Vitengo, Ndugu Makaimu Wakuu wa Vitengo, na ninyi mnaowakaimu makaimu. Wadau wa maendeleo, wadau wa dijitali, na wadau mliokuja kwa ajili ya soda. Wauguzi wetu wapendwa mliokaa kule nyuma, ambao nimearifiwa kwamba mko zamu saa hizi. Mke wangu mpenzi, aliyeniomba nisimtaje, nami kwa kumtii nimemtaja mwisho. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naomba izingatiwe kwamba imezingatiwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Nimesimama mbele yenu asubuhi hii kwa heshima, taadhima na unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao watu wengi wamenisifia, nikiwa na jukumu la kuzindua mradi wa kimkakati, mtambuka na shirikishi, utakaoibadilisha tovuti ya Halmashauri yetu kutoka hapa ilipo hadi pale itakapokuwa. Kitambaa kitavutwa. Lakini kiongozi makini havuti kitambaa kabla hajaeleza tulikotoka. Kwa hiyo kaeni vizuri. (Viti vinalia. Mtu mmoja anaangalia saa.)

Nilipokabidhiwa idara hii, ndugu zangu, niliikuta tovuti iko uchi. Uchi kabisa! Maandishi matupu: saa za kliniki, namba za simu, mitaa itakayokosa maji. Mwananchi alikuwa anaingia, anapata alichokifuata, anatoka zake, bila hata kujua nani anamwongoza. (Kicheko.) Mnacheka, lakini hiyo ni hatari kwa utawala bora.

Nikaja na visheni. Nikaagiza kwamba mwananchi akifungua ukurasa wa mwanzo, akutane kwanza na salamu zangu; akimaliza salamu, asome wasifu wangu; akimaliza wasifu, atulie kidogo aitazame picha yangu; halafu ndipo yafuate hayo matangazo mengine ya kawaida. Wasifu niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuanzia katikati kama wafanyavyo wavivu. Unaanza hivi, naomba ninukuu: "Mkurugenzi alizaliwa alfajiri, kwa njia ya kawaida, mikononi mwa mkunga hodari, akalia kwa sauti iliyosikika mpaka mtaa wa pili." Mwisho wa kunukuu. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Na hajanyamaza mpaka leo!" Kicheko.) Asante kwa fidbeki.

Picha nayo ilipigwa na mpiga picha za harusi, bingwa kwelikweli, kwa ubora unaotosha kubandikwa kwenye ukuta wa ghorofa. Kila unywele unahesabika. Nikamwita mhandisi wetu wa mitandao, yule mnayemwita Dada Nyaya. Dada Nyaya, simama wakuone. (Dada Nyaya hasimami. Anapunga mkono mmoja, mwingine umeshika pakiti ya karanga.) Nikamwambia, "Picha hii nataka asiweze kuitoa mtu yeyote, hata atakayekuja baada yangu."

Akaniuliza, "Asiitoe kivipi, bosi?"

"Ishonee humo humo."

"Nikiishonea ndani ya ukurasa wenyewe, ukurasa utakuwa mzito."

Nami nikampa jibu ambalo naomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao hiki. Nikamwambia, "Uongozi ni mzito." (Makofi. Mjumbe mmoja wa Kamati Ndogo anafuta machozi, haijulikani ya nini.)

Dada Nyaya akainua mabega, akaenda kushona. Matokeo yake, waheshimiwa, yalikuwa ya kutia moyo mno. Kwa mujibu wa takwimu za idara yangu, ambazo nilizithibitisha mimi mwenyewe, muda ambao mwananchi anautumia kwenye ukurasa wetu uliongezeka kwa asilimia mia nne na ushee. Haijapata kutokea! (Sauti ya mama mmoja: "Tulikuwa tunasubiri ufunguke!") Kusubiri nako, mama yangu, ni ushiriki.

Basi. Katika awamu hiyo hiyo ya mafanikio, Halmashauri ikaendesha zoezi la kuihamisha wodi ya wazazi kutoka lile jengo la zamani lililokuwa likivuja, kwenda jengo jipya lisilovuja. Tangazo la kuhama nililisaini mimi. Nina saini nzuri, wengi mnaifahamu. Sikulisoma, kwa sababu kusaini ni kazi ya uongozi na kusoma ni kazi ya utendaji, na mimi sipendi kuingilia kazi za watu. Tangazo likapandishwa kwenye tovuti, likawekwa mahali pake panapostahili, yaani chini ya picha. Nikaamini wananchi wote wamehabarishwa. Nikaandika ripoti kwamba wamehabarishwa. Ripoti ikapokelewa.

Sasa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo ulipo moyo wa hotuba yangu.

Siku yenyewe nilikuwa naongoza kikao. Agenda ilikuwa picha yangu ya pili, niliyokusudia kuiongeza chini ya ile ya kwanza: je, niwe nimetazama kushoto, kuashiria tafakuri, au kulia, kuashiria vitendo? Wajumbe walikuwa wamegawanyika, na mjadala ulikuwa wa kiwango cha juu. Simu yangu ikaita. Mke wangu. Nikaikata, kwa kuwa wakati huo nilikuwa natazama kushoto ili wajumbe waone. Ikaita tena. Nikaikata. Ikaita simu ya katibu muhtasi wangu, naye akaisikiliza kidogo, akanipa kwa vidole viwili, kama mtu anayepitisha sufuria la moto.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "mtoto kashikwa na uchungu. Tuko njiani. Wodi iko wapi?"

Nikasema, "Wodi gani?"

"Wodi gani! Ya wazazi! Si mliihamisha? Mmeipeleka wapi?"

Ndugu wananchi, mtoto anayetajwa hapo ni binti yangu wa mwisho, kipenzi cha baba yake, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe, mkwe wangu, ni fundi wa mafriji, kijana mchapakazi, ndiye alikuwa anaendesha. Nikafungua kinywa, hiki kinywa mnachokijua, ambacho hakijawahi kukosa la kusema tangu niajiriwe. Nikakifunga. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamuuliza katibu muhtasi wangu kwa sauti ya chini, "Hivi wodi ya wazazi tumeihamishia wapi?"

Naye akanijibu, "Iko kwenye tovuti, bosi."

Nikarudi kwenye simu, nikasema kwa kujiamini kabisa, "Iko kwenye tovuti." (Kicheko kirefu. Wauguzi wanapigana vikumbo.)

"Huko ndiko tuliko!" akasema mke wangu. "Kuna wewe tu!"

Nimekuja kupata maelezo kamili baadaye, na nayatoa hapa kwa uwazi, kwa kuwa idara yangu ni idara ya uwazi. Gari la mkwe wangu ni la kazi, lina kiti kimoja cha nyuma, na pembeni yake ni mitungi ya gesi, mabomba ya shaba na mlango wa friji ya mtu. Binti yangu kalala nusu, kaegemea ule mlango wa friji. Mama yake kamshika mkono wa kushoto, na mkono wa kulia kashika simu, anatafuta. Anaandika: pa kuzalia ni wapi. Mtambo wa kutafuta unafikiri kidogo, unamletea: "Mkurugenzi alizaliwa alfajiri." Anafuta. Anaandika: wodi, mkunga. Unamletea: "mikononi mwa mkunga hodari." Anafuta tena, anaandika: kujifungua kwa njia ya kawaida. Mnajua wenyewe ulimletea nini. Kila alichokiandika chenye harufu ya uzazi, nilitokea mimi. (Kicheko. Mkurugenzi anasubiri kiishe, anachukulia kuwa ni pongezi.)

Binti yangu akauliza, "Mama, inasemaje?"

Mama yake akamjibu, "Inasema baba yako alilia mpaka mtaa wa pili."

"Hata mimi nitalia mpaka mtaa wa pili! Jamani, niambieni wodi iko wapi!"

Mkwe wangu akasema, bila kugeuka, "Mama, shuka chini kidogo, angalia jibu la pili." Jibu la pili lilikuwa ukurasa wa zamani wa mtangulizi wangu, ukurasa wa mistari michache, hauna picha hata ya kusingizia, uliosahaulika kwenye seva yetu. Huo ulisema waziwazi: wodi ya wazazi, jengo la zamani, fuata ukuta mweupe. Wakafuata ukuta mweupe. Wakafika. Mlangoni wakakuta kufuli.

Jengo lile siku hizi ni ghala la Halmashauri. Tunahifadhi maturubai, viti vibovu, na kalenda za mwaka juzi zenye sura yangu ambazo, kwa sababu za kiutawala, hazikugawiwa. Mkwe wangu akapiga honi, akashuka, akagonga kwa ngumi. Akatokea kwa mlango wa nyuma mtunza ghala, mama mmoja mpana tunayemwita Mama Funguo, katapakaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatazama ndani ya gari, akaelewa bila kuambiwa.

"Wodi haipo hapa, mwanangu," akasema. "Ilihama."

"Wapi?"

"Nyuma ya karakana ya magari ya Halmashauri. Geti la kijani. Ninyi si wa kwanza, wanakuja hapa hivi hivi, wameshika simu. Niliandika kwenye kadibodi nikabandika mlangoni, mvua ikala maandishi." Kisha akatazama tena ndani ya gari, akasema, "Mtapotea ninyi. Sogea." Akaufunga mlango wa ghala, akajibana kiti cha mbele na rundo lake la funguo mapajani, akaanza kuelekeza: kata kona hapo, usipite barabara kubwa, pita kwa wauza mbao, piga honi, piga honi baba, huyo mwenye mkokoteni atatupisha.

Huko nyuma binti yangu akawa anasema, "Mimi sifiki."

"Utafika."

"Mama, sifiki! Nasikia anakuja!"

Mke wangu ni mwanamke jasiri, mimi namjua. Ameniambia kwamba pale aliitupa simu chini ya kiti, akamshika binti kwa mikono yote miwili. Ikawa inawaka huko chini, na kwenye kioo chake ni mimi, natabasamu. (Feni ya pili inaanza kuzunguka yenyewe.)

Na mimi je? Msidhani nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nimesimama. Nilisimama katikati ya chumba cha mikutano, nikafungua tovuti yangu kwa simu yangu. Zikaja salamu. Ukaja wasifu. Kisha picha ikaanza kushuka, taratibu, kama pazia la mtu mwenye usingizi. Nywele. Paji la uso. Nikasubiri. Nyusi. Pale kwenye nyusi ikagoma. Nikatazamana na nyusi zangu, waheshimiwa, huku nikijua kwamba chini yake, mahali fulani baada ya pua, na ndevu, na tai, na vifungo vya koti, yapo maneno yanayosema mwanangu apelekwe wapi. Nikawa naisukuma ile picha kwa kidole, juu, juu, juu, na haiendi. Mjumbe mmoja akaniuliza, "Mheshimiwa, tumekubaliana kushoto au kulia?" Sikumbuki nilimjibu nini. Mwandishi wa kumbukumbu ameniambia neno nililosema haliandikiki. (Minong'ono.)

Nikatoka mbio. Ndiyo, mimi. Mbio. Kwenye korido nikagongana na Dada Nyaya, anatoka kununua karanga zake. Nikamshika mabega. "Wodi ya wazazi! Iko wapi?"

Akanishangaa. "Nyuma ya karakana, bosi. Geti la kijani. Kwani tangazo si ulilisaini wewe?"

Geti la kijani! Ndugu zangu, lile geti ninaliona kutoka dirishani kwangu kila siku ya Mungu. Nilidhani ni la kuwekea mapipa. Wanawake waliokuwa wakipita pale na vifurushi nilidhani wanaleta nguo za kufuliwa. (Muuguzi mmoja: "Loo!") Nikashuka ngazi, nikakata uani, tai imehamia mgongoni, kiatu kimoja kimebaki karakana na mpaka leo hakijapatikana, mwenye taarifa awasiliane na ofisi. Nikafika getini, na gari la mkwe wangu nalo likaingia kwa breki ya ghafla, mabomba ya shaba yakalia yote kwa pamoja.

Mkunga alikuwa ameshasikia honi. Alitoka ndani anavaa glavu huku anakimbia. Mkwe wangu alitaka kumbeba mkewe, mkunga akampigia kelele: "Mwache hapo hapo! Usimguse! Kichwa kinaonekana!" Akapanda yeye, akapiga magoti kati ya mitungi ya gesi. Mama Funguo akashika mlango wa gari usijifunge. Mimi niliambiwa nisimame mbali na nisitoe maelekezo. Nikasimama mbali. Sikutoa maelekezo.

Nilisikia mwanangu anapiga kelele, nami sijawahi kuisikia sauti ile toka kwake, hata alipovunjika mkono utotoni. Kikapita kimya. Kimya kile, waheshimiwa, sina takwimu yake. Kisha mtoto akalia.

(Makofi. Safari hii ni ya ukumbi mzima. Mkurugenzi anakunywa maji.)

Msichana. Mzima, na mama yake mzima. Wakapokewa ndani, wakalazwa kwenye kitanda safi, ndani ya jengo lisilovuja, kama ilivyoelezwa kwenye tangazo. Mke wangu akashuka garini. Nywele zimetimka, nguo imelowa jasho. Akanitazama kuanzia soksi kwenda juu. Akasema, mbele ya wauguzi hawa hawa mnaowaona, "Baba watoto, dunia nzima inajua ulikozaliwa wewe. Pa kuzalia mwanao, hakuna anayepajua."

Hoja hiyo nimeipokea na inafanyiwa kazi. (Kicheko. Mke wa Mkurugenzi, safu ya pili, hacheki.)

Tukakaa kwenye benchi nje ya wodi: mimi, mke wangu, Mama Funguo, na Dada Nyaya aliyekuwa amekuja nyuma yangu na pakiti yake. Nikauliza, kama kiongozi anayetafuta chanzo cha tatizo: inakuwaje mtambo wa kutafuta ujue nililiaje, usijue wodi ilipo, wakati vyote vimo kwenye ukurasa mmoja?

Dada Nyaya akatafuna, akameza, akasema, "Ule mtambo hautafuti pale unapouliza, bosi. Ulishatafuta zamani. Unakuwa na programu yake inayotambaa kwenye kurasa zote, inasoma, halafu inaweka maneno kwenye faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu. Ukiuliza, unaangaliziwa kwenye faharasa. Sasa, programu hiyo haina siku nzima ya kukaa kwako. Ikikuta faili kubwa kupita kiasi, inasoma mwanzo wake, ikifika kikomo chake inakata. Yaliyobaki, kwake yeye, hayajaandikwa."

Mke wangu akauliza, "Na picha inahusika vipi? Mbona kila mtu anaweka picha?"

"Watu wanaweka picha pembeni, mama. Ukurasa unaitaja tu jina, na picha inakuja yenyewe. Hii ya mzee imeshonewa ndani. Picha ikishonewa ndani inageuka herufi, herufi zisizo na maana, mamilioni. Kwa hiyo ile programu inasoma salamu, vizuri. Inasoma alivyozaliwa, vizuri. Halafu inaanza kusoma uso wake, herufi kwa herufi, mpaka inafika kikomo iko puani. Inaondoka. Wodi iko chini ya vifungo."

Mama Funguo akasema, "Maskini, hata mashine imemkimbia," akashika kinywa. (Kicheko. Mama Funguo, mlangoni, anainama kuficha uso.)

"Na hata ule ufupi wa ukurasa wa mtangulizi wako," Dada Nyaya akaongeza, "ndio uliomponza binti. Ukurasa wake mdogo ulisomwa mpaka nukta ya mwisho. Wa kwetu mpya umeishia puani. Kwa hiyo habari ya zamani ikaonekana, habari ya leo ikajificha."

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza kwa ukali.

"Nilijua utakuwa mzito, nikakuambia. Kwamba wodi imezama humo, hilo sikujua. Nami sikuangalia," akasema, na kwa mara ya kwanza akaziweka karanga chini.

Waheshimiwa, kiongozi wa kawaida angeishia hapo. Mimi nikaona fursa. Kesho yake tu nikabuni mradi. Nikaupa jina Mradi Jumuishi wa Uwiano wa Kurasa na Uonekanaji kwa Umma, ambao kwa kifupi unaitwa MJUKUU. (Kicheko.) Ni sadfa ya kiufundi, na ninakanusha tetesi zozote za upendeleo wa kifamilia. Mradi una nguzo, una mihimili, na una msingi ambao nguzo na mihimili vinausubiri. Katika awamu ya kwanza, tumeunda Kamati ya Wataalamu ya Upembuzi wa Uzito, ambayo imefanya semina elekezi, semina rejea, na semina ya kuelekeza semina rejea. Katika awamu ya pili tumekwenda ziara ya mafunzo kujionea kurasa nyepesi za wenzetu, na tukazikuta nyepesi kweli. Tungeweza kuziona hapa hapa kwenye kompyuta, lakini kujionea ukiwa umesafiri kuna kina chake. Katika awamu ya tatu tumeandaa freimuweki, na katika awamu ya nne tumeandaa prezentesheni ya freimuweki, yenye picha. Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. (Mjumbe wa Kamati Kuu anauliza jirani yake: "Na nne imetoka wapi?")

Na sasa, kabla ya tamati, niruhusuni nitoe shukrani, kwa kuwa shukrani ni sehemu ya itifaki na siwezi kuiruka hata nikitaka.

Nawashukuru wajumbe wa Kamati ya Upembuzi, ambao wamekutana mara nyingi, na ambao hawajawahi kuufungua ukurasa wenyewe, kwa kuhofia kuathiri matokeo. Namshukuru mkunga, kwa magoti yake. Namshukuru Mama Funguo, aliyeacha ghala. Namshukuru mkwe wangu, na naomba radhi kwa mwenye mlango wa friji. Namshukuru Dada Nyaya. Na namshukuru kipekee mke wangu, ambaye siku ile ile, kwenye benchi lile lile, mimi nilipokuwa nimeingizwa ndani kumwona mtoto, alimgeukia Dada Nyaya akamwambia, "Mwanangu, nenda kaitoe sura ya huyu mzee hapo juu." Dada Nyaya akaenda. Akaitoa picha, akaushusha wasifu chini, akapandisha tangazo la wodi, akaufuta na ule ukurasa wa zamani. Chai yake aliyoiacha mezani, nimeambiwa, aliikuta bado ina moto. Siku chache baadaye mtambo ukapita tena, ukausoma ukurasa wote, na tangu hapo ukiuliza wodi unapelekwa wodini. (Watu wanatoa simu. Sauti: "Kweli bwana! Hii hapa! Geti la kijani!" Wauguzi wanashangilia.)

Kwa hiyo, waheshimiwa, ukweli wa kiutawala ni kwamba tulipouanza mradi hakukuwa na kilichobaki cha kufanya, na tumeendelea kukifanya mpaka leo. Kitambaa hiki hakitavutwa, kwa sababu chini yake ni meza iliyolazwa ubavu. Mjukuu yupo, anaota meno. MJUKUU haupo, na haujawahi kuwepo. (Makofi, makubwa kuliko yote.)

Nikisema "Ukurasa," mseme "Mwepesi!" Ukurasa! (Mwepesi!) Nikisema "Wodi," mseme "Inaonekana!" Wodi! (Inaonekana!) Mkurugenzi! (Kimya. Mtu anakohoa.) Mwitikio huo tutaufanyia mazoezi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Na kwa wale ambao hawakupata nafasi ya kufika, msiwe na wasiwasi: nimeshaagiza hotuba hii yote iwekwe kwenye tovuti, neno kwa neno, juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, pamoja na...

(Mke wa Mkurugenzi amefika jukwaani. Kipaza sauti kinazimwa.)